Dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunta yangu, Kirumba

Nauza dawa Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Hakuna dawa inayoulizwa dukani kwangu kama dawa ya maumivu. Wanakuja wapakiaji wa dagaa wenye migongo, mama lishe waliosimama jikoni tangu alfajiri, wanafunzi, wazee wa magoti. Maswali yao yanafanana, na mengi huulizwa mtu akiwa ameshameza. Nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa, ili msomaji ayakute kabla hajameza.

Majibu yanamhusu mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Pale panapohusu mtoto, mjamzito au mwenye ugonjwa wa muda mrefu, nimesema wazi.

Panadol, diclopa, brufen: si zote ni dawa za maumivu? Zinatofautiana nini?

Zote zinatuliza maumivu, ila hazitoki ukoo mmoja.

Ukoo wa kwanza una dawa moja tu, parasetamoli. Panadol ni jina la biashara. Kwenye boksi, kwa maandishi madogo chini ya jina kubwa, utakuta imeandikwa Paracetamol. Dawa hii inatuliza maumivu na kushusha homa, haina shida na tumbo, lakini ikizidi kipimo inaharibu ini.

Ukoo wa pili ni mpana: aspirini, ibuprofeni (ambayo wengi tunaiita brufen), diklofenaki, na ndugu zake wa cheti kama meloksikamu na piroksikamu. Hizi zinapunguza maumivu na uvimbe pia. Zinafanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazokufanya usikie maumivu kwenye goti lililovimba. Shida ni kwamba hizo hizo ndizo zinazokinga ukuta wa tumbo usichomwe na asidi, tena ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kwa hiyo kidonge kinachotuliza goti kinaliacha tumbo bila kinga, na figo bila msaada wake.

Diclopa ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Vidonge vingi vinavyoombwa kwa jina hilo vina dawa mbili ndani yake, diklofenaki na parasetamoli, na mara nyingi ni miligramu 50 za ile ya kwanza na 500 za ile ya pili. Ukimeza kidonge kimoja umemeza koo zote mbili.

Nimemeza ya kwanza haikusaidia, nikameza ya pili. Naweza kuongeza ya tatu?

Kabla sijajibu huwa naomba nizione. Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Buhongwa, akafungua fundo la kanga juu ya kaunta. Mlikuwa na vipande vitatu vya karatasi za vidonge, vimekatwa kwa mkasi, kila kimoja kutoka duka tofauti. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku mbili, na mafua juu yake.

Kipande cha kwanza kilikuwa parasetamoli, anameza mbili mara tatu kwa siku. Cha pili kilikuwa dawa ya mafua, nacho mbili mara tatu. Cha tatu kilikuwa diclopa, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Yeye alijua anatumia dawa tatu tofauti. Tulichukua kalamu tukahesabu nyuma ya boksi tupu. Parasetamoli ya kwanza ilikuwa miligramu 3,000. Ile dawa ya mafua ilikuwa na parasetamoli 500 katika kila kidonge, kwa hiyo 3,000 nyingine. Diclopa iliongeza 1,000. Jumla gramu 7 kwa siku, na mwisho wa mtu mzima ni gramu 4. Nilimwambia asimeze kingine na aende hospitali siku ile ile akapimwe ini, na vile vipande vyote avibebe.

Hakuwa mzembe. Alifuata maelekezo ya kila duka neno kwa neno. Hakuna aliyemwambia kwamba vipande vyake vitatu vilikuwa na dawa ile ile, na vilivyokatwa havikuwa na jina la kusoma.

Kwa hiyo jibu ni hili. Usiongeze dawa mpaka ujue kila uliyomeza inaitwaje kwa jina lake la ndani. Parasetamoli na parasetamoli nyingine hazichanganywi, hata majina ya boksi yawe mbali kama Ukerewe na Kigoma. Dawa mbili za ukoo wa pili pia hazichanganywi: brufen juu ya diclopa haikuongezei nafuu ya maana, inaongeza hatari ya vidonda vya tumbo. Parasetamoli pamoja na ibuprofeni, mtu mzima asiye na tatizo la tumbo, figo wala presha anaweza kutumia kwa siku mbili tatu, kila moja kwa kipimo chake.

Panadol mwisho ngapi kwa siku?

Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima anameza kimoja au viwili, anasubiri saa 4 hadi 6, na havuki vidonge 8 ndani ya saa 24. Ukimeza viwili saa 2 asubuhi, vingine visubiri angalau mpaka saa 6 mchana.

Mtu mwembamba sana, wa chini ya kilo 50, mtu asiyekula vizuri kwa ugonjwa, anayekunywa pombe kila siku, mwenye ugonjwa wa ini au aliye kwenye dawa za TB, huyu asifike nane. Azungumze kwanza na daktari au mfamasia kuhusu kipimo chake. Na yeyote ambaye siku 3 zimepita na maumivu au homa bado ipo, aache kununua, aende akapimwe.

Panadol Extra ina nguvu zaidi?

Ina parasetamoli ile ile, miligramu 500, na kafeini miligramu 65 juu yake. Kafeini inaiongezea kidogo nguvu ya kutuliza maumivu. Pia inaondoa usingizi. Mtu anayemeza mbili saa 3 usiku halafu analalamika halali, jibu lake liko kwenye boksi. Kipimo cha mwisho hakibadiliki: ni vidonge 8, vya kawaida na vya Extra vikihesabiwa pamoja.

Nimezidisha Panadol jana lakini najisikia mzima. Kuna shida?

Ndiyo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Parasetamoli iliyozidi haimlazi mtu palepale. Siku ya kwanza anaweza kusikia kichefuchefu, au asisikie chochote. Wakati huo ini limeanza kuharibika. Dalili zenyewe, yaani maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kuwa ya manjano na kuchanganyikiwa, zinakuja siku ya pili mpaka ya nne, na hapo kumsaidia ni kugumu sana.

Dawa ya kuokoa ini ipo, inaitwa asetilisisteini. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu mtu ameze. Hata muda huo ukipita inasaidia, kwa hiyo usikate tamaa, ila usingoje dalili. Nenda hospitali ukiwa mzima hivyo hivyo, na ubebe boksi au ile karatasi ya vidonge. Kwa mtu aliye Nansio, Ukara au Kome, saa 8 hizo zinajumuisha na safari ya majini, kwa hiyo uamuzi wa kuondoka ufanyike mapema.

Kama aliyezidisha alifanya hivyo kwa makusudi kwa sababu amechoka na maisha, msimgombeze na msimwache peke yake. Mpelekeni, na mwambieni daktari ukweli wote.

Kwa nini kila nikiomba diclopa unaniuliza kama nimekula?

Kwa sababu ya mvuvi mmoja wa dagaa. Alikuja saa 12 asubuhi, koti la mvua bado linachuruzika, vidole vimefunikwa na magamba yaliyokauka. Akaomba diclopa kumi.

"Kaka, umekula?"

"Nimekunywa chai ya rangi."

"Umeanza kumeza lini?"

"Tangu giza lianze."

Wanaoujua uvuvi wa dagaa wanaelewa maana yake. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mvuvi akilipata giza halali mpaka mbalamwezi irudi. Ilikuwa siku ya 12. Anameza viwili anapoingia ziwani na viwili anapotoka, tumbo tupu, ili mgongo ukubali kuvuta nyavu. Nikamuuliza choo chake kikoje. Akageuka kuangalia barabarani, akajibu kwa sauti ya chini: "Cheusi. Kama lami."

Choo cheusi, kinachonata na kunuka vibaya ni damu iliyovuja juu tumboni ikapikwa na asidi njiani. Sikumuuzia. Nilimwitia bodaboda akaenda hospitali, na huko aliongezewa damu. Siku zote 12 hakuwahi kuumwa tumbo. Dawa iliyokuwa inalitoboa tumbo ndiyo iliyokuwa inaficha maumivu yake.

Kwa hiyo, kumeza ukiwa umekula ni kwema, na maji yawe glasi nzima. Lakini chakula hakiondoi hatari yote, kwa sababu dawa hizi zinaingia kwenye damu na kuudhoofisha ukuta wa tumbo kutokea ndani. Kinachokulinda zaidi ni kumeza kidogo, kwa siku chache. Ibuprofeni ya kununua bila cheti haivuki miligramu 1,200 kwa siku, yaani 400 mara tatu. Diklofenaki ningependa uitumie daktari akikwambia. Ukishaona unaihitaji zaidi ya siku 5, mgongo huo unatakiwa kuchunguzwa. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo aziache kabisa na atumie parasetamoli.

Jeli ya diklofenaki ya kuchua inaingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Kwa goti moja au kifundo kilichoteguka, huwa naitaja kwanza kabla ya vidonge. Watu wanaidharau kwa sababu haimezwi.

Nina presha. Naweza kumeza brufen?

Anza na parasetamoli. Ukoo wa pili unafanya mwili ushike maji na chumvi, presha inapanda, na dawa zako za presha zinapungua nguvu.

Hatari kubwa iko kwa anayetumia losartani au lisinoprili pamoja na dawa ya kukojoza, kisha akaongeza brufen au diclopa juu yake. Dawa hizo tatu zikikutana zinaweza kuziangusha figo, hasa mtu akiwa anaharisha au amefanya kazi juani bila kunywa maji. Figo hazipigi kelele, utajua umechelewa.

Aliyewahi kupata kiharusi au mwenye ugonjwa wa moyo asiguse diklofenaki. Anayetumia aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo ajue kwamba ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kuvuja damu vibaya. Mwenye kisukari, hasa kama ameshaambiwa figo zimeanza kuchoka, naye aziepuke. Wenye pumu, wapo ambao aspirini na ndugu zake zinawaletea shambulio la kubanwa kifua. Kama limekutokea mara moja, ukoo huo wote sio wako tena.

Na nyie mnaotumia TLD, kile kidonge cha kufubaza VVU, niambieni, hata kwa kunong'ona, hata kwa kunionyesha kichupa tu. Ndani yake mna tenofovir, dawa ambayo figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ikikutana na diklofenaki kila siku, figo zinaweza kuumia. Parasetamoli kwa kipimo chake haina ugomvi na TLD. Sitakuuliza kitu kingine, na hakuna atakayesikia.

Niliwahi kuambiwa nina kichocho cha tumbo. Kinahusiana nini na dawa za maumivu?

Kwetu ziwani swali hili ni la uzito. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi bila tiba kinaweza kuweka makovu kwenye ini, damu ikakosa njia, bandama likavimba, na mishipa ya kwenye umio ikatanuka mpaka kuta zake zikawa nyembamba. Mishipa hiyo ikipasuka mtu anatapika damu nyingi kwa mara moja. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaongeza uwezekano wa kupasuka, na zinafanya damu ichelewe kuganda.

Kama umekulia visiwani au umevua miaka mingi, na umewahi kuambiwa bandama ni kubwa au umewahi kutapika damu, dawa yako ni parasetamoli, tena kwa kipimo utakachopewa na daktari kwa sababu ini nalo limehusika. Maumivu ya tumbo yanayorudi rudi, au damu kwenye choo au mkojo, usiyatulize kwangu. Kapime kichocho. Tiba yake, prazikwanteli, ndiyo inayowaua minyoo wenyewe.

Nilikuwa na homa, nikameza Panadol ikashuka. Bado nipime malaria?

Pima. Parasetamoli inashusha homa ya malaria vizuri kabisa na haimgusi kimelea hata mmoja. Kanda ya Ziwa malaria bado ipo, na mtu mzima anaweza kupoteza siku mbili akijiona anapona kila baada ya kidonge, halafu siku ya tatu anaanguka. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, majibu yanatoka ndani ya dakika 20 hivi. Ukikutwa nayo utapewa dawa ya mseto, na parasetamoli unaweza kuendelea nayo.

Mpaka homa ijulikane ni ya nini, usitumie aspirini, ibuprofeni wala diclopa. Kama ni dengue, dawa hizo zinaweza kumfanya mgonjwa avuje damu.

Mtoto ana homa. Nimpe kijiko kingapi?

Niambie ana kilo ngapi, sio ana miaka mingapi. Kadi ya kliniki ina uzito wake.

Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja, kila baada ya saa 4 hadi 6, dozi zisizidi 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya miligramu 100 na 150 kwa mara moja. Chupa nyingi zimeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto huyo anapata mililita 5. Lakini ziko chupa zenye 250 katika mililita 5 zile zile. Chupa mbili zinafanana rangi, zinanukia matunda yale yale, na moja ina dawa mara mbili ya mwenzake. Soma chupa uliyoshika leo, usitumie kumbukumbu ya chupa ya mwezi uliopita.

Na kijiko cha jikoni sio kipimo. Nilipima vijiko vya chai vya nyumbani kwangu kwa bomba la sindano: kimoja kilibeba mililita 3, kingine karibu 7. Omba kile kikombe kidogo cha kupimia au bomba lisilo na sindano, hakuna duka lenye utu litakalokunyima. Usivunje kidonge cha mtu mzima ukakisaga kwenye uji kwa kukadiria.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa hapewi dawa nyumbani, anapelekwa kituoni, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote aliyelegea haamki, asiyenyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege. Wazazi wengi wanampa mtoto parasetamoli ili kuzuia degedege. Haizuii. Inampunguzia maumivu na kumfanya akubali kunywa, na hiyo ni kazi yake ya kutosha.

Ibuprofeni kwa mtoto ni nafasi ya pili, baada ya miezi 3 na kwa kipimo cha uzito, na usimpe anayeharisha na kutapika wala mwenye tetekuwanga.

Aspirini kwa mtoto?

Hapana, chini ya miaka 16, isipokuwa daktari bingwa ameiandika kwa ugonjwa maalumu. Inaweza kumletea ugonjwa wa nadra unaoshambulia ini na ubongo.

Mjamzito anatumia nini? Na anayenyonyesha?

Mjamzito anatumia parasetamoli, kiasi kidogo kinachotosha, siku chache. Kuanzia wiki ya 20 asitumie ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini ya maumivu: zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi ya mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa wa moyo ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni. Aspirini ndogo aliyoandikiwa kliniki ili kumkinga na kifafa cha mimba ni jambo jingine, aendelee nayo. Na kichwa kikali kwa mjamzito, hasa kikija na kuona ukungu au kuvimba uso, apimwe presha leo hii, asikimezee dawa akalala.

Anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni bila kuacha kunyonyesha.

Mwanangu ana selimundu. Maumivu yakianza nifanyeje?

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wa selimundu, na mama zao wanajua mambo mengi kuliko sisi wa kaunta. Nitasema machache. Maji mengi, mtoto asipate baridi, parasetamoli kwa uzito wake mapema. Ibuprofeni inasaidia, ila figo za mwenye selimundu ni dhaifu, kwa hiyo iwe ile aliyoandikiwa kliniki. Maumivu yasipotulia, au ikija homa, kifua kubana, macho na viganja kupauka ghafla, ni Bugando, Sekou Toure au hospitali yoyote iliyo karibu. Homa kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi.

Nimelewa jana, kichwa kinapasuka. Nimeze nini?

Maji kwanza, na chakula. Diclopa au aspirini juu ya tumbo lililounguzwa na pombe ni kujitafutia damu. Parasetamoli moja au mbili kwa mtu anayekunywa mara chache ni sawa, ila anayekunywa kila siku ini lake limeshachoka, na kipimo cha kawaida kwake kinaweza kuwa kingi.

Sindano ya maumivu si inaponya haraka zaidi?

Inaanza kufanya kazi mapema kidogo, ila dawa ni ile ile ya diklofenaki, na kupita kwake takoni hakuliokoi tumbo. Ina hatari zake pia: jipu, na mshipa wa fahamu wa mguu kuumizwa na mkono usiojua, mtu akabaki anaburuta mguu. Dukani hatuchomi sindano. Ukiona duka linachoma, toka.

Kichwa kinaniuma karibu kila siku na kila siku nameza. Ni nini?

Inawezekana dawa yenyewe ndiyo imekuwa chanzo. Mtu mwenye kichwa cha mara kwa mara akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu, ubongo unazoea, na dawa ikipungua kichwa kinauma upya. Kwa zile zilizochanganywa, kama zenye kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kukufikisha huko. Weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza. Alama zikijaa, ipeleke kalenda hiyo kwa daktari, naye atakusaidia kuziacha. Wiki za mwanzo ni ngumu kabla ya nafuu kuja. Pima na presha, na macho pia.

Mnadani wanauza vidonge vya rangi tatu kwenye kikaratasi, shilingi mia tano, na vinafanya kazi kweli. Vina nini?

Hilo ndilo tatizo, hakuna anayeweza kukujibu. Dawa isiyo na jina, kipimo wala tarehe ya kuisha muda haiwezi kuhesabiwa. Watu wa magoti wanaosimama wima siku ya pili baada ya dawa ya namna hiyo wakati mwingine wamepewa steroidi, ambazo zikitumika kiholela zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na ukiziacha ghafla unaweza kuanguka. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali ukutani. Ukitilia shaka dawa uliyouziwa, ofisi ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, na kuitaarifu ni haki yako.

Niziweke wapi nyumbani?

Mahali pakavu, pasipofika nyuzi 30, mbali na watoto. Nyumba zetu za bati huko Igogo na Mabatini, kwenye miamba, mchana zinachemka, kwa hiyo chumba cha ndani karibu na sakafu ndani ya kasha linalofungwa ni bora kuliko juu ya kabati. Mfuko wa shati mtumbwini sio mahali.

Mbona duka jingine hawaniulizi chochote, wananipa tu?

Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi kwenye duka ambalo tuliambiwa maswali yanafukuza wateja. Nilikata karatasi za vidonge kwa mkasi mpaka kidole kikaota sugu, na sijui ni wangapi waliondoka na kipande kisicho na jina. Bado nalifikiria hilo.

Kwa hiyo ukinunua vidonge vichache, dai vitu vitatu: jina la ndani liandikwe kwenye bahasha, kipimo, na tarehe ya kuisha muda. Muuzaji akikataa, rudisha dawa. Na ukija kwangu na fundo la kanga kama yule mama wa Buhongwa, tutalifungua pamoja. Yeye alirudi baada ya wiki mbili, ini lake likiwa salama, akanunua parasetamoli vidonge vinne. Kabla sijazifunga, alichukua karatasi mkononi mwangu, akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti.

"Pa-ra-ce-ta-mol. Haya, niandikie hilo."